Kitabu cha Ibrahimu na hati za mafunjo: nimwamini nani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu alibatizwa mwaka jana katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu huwaita Wamormoni. Ni mtu mwenye busara na namheshimu. Tumeanza kusoma pamoja Lulu ya Thamani Kuu, mojawapo ya vitabu vitakatifu vya kanisa hilo, na ndani yake mna Kitabu cha Ibrahimu. Mwenzangu kazini akaniambia kitabu hicho kiliumbuka zamani, kwamba hati za Misri alizotafsiri Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, zimeshapatikana na hazina habari yoyote ya Ibrahimu. Nilipomweleza kaka, alinionyesha makala za maprofesa wa kanisa lake, waliosomea lugha ya Misri ya kale hadi shahada ya uzamivu, wanaokitetea. Nimwamini nani? Na hao maprofesa ni wasomi kweli, au ni wahubiri waliovaa joho? Msomaji, Morogoro.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeniuliza jambo ambalo nimelisoma kwa miaka mingi, na nafurahi umeuliza kabla hujagombana na kaka yako. Nitakujibu kwa urefu, maana jibu fupi ndilo lililowachanganya wote wawili, yeye na huyo mwenzako wa kazini.

Tuanze na hati zenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Antonio Lebolo, Mwitaliano aliyekuwa akichimba makaburi karibu na Thebes, alitoa huko miili ya wafu iliyokaushwa, yaani mumia. (Neno hilo ni ndugu wa mumiani, yule tuliyetishiwa naye utotoni.) Mumia kumi na moja zilifika Marekani mwaka 1833, na mfanyabiashara aitwaye Michael Chandler akawa anazitembeza mji hadi mji, watu wakilipa kiingilio. Katikati ya mwaka 1835 alifika Kirtland, Ohio, yalikokuwa makao ya kanisa wakati huo, akiwa amebakiwa na mumia nne pamoja na magombo ya mafunjo, yaani karatasi ndefu za kale za matete zilizokunjwa. Joseph Smith na wenzake walizinunua kwa dola 2,400, fedha nyingi mno kwa jumuiya maskini kama ile. Akasema gombo moja lina maandishi ya Ibrahimu na jingine ya Yusufu aliyeuzwa Misri.

Kumbuka mwaka huo. Mfaransa Champollion alikuwa ametangaza ufunguo wa maandishi ya Kimisri mwaka 1822, lakini kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1836. Kwa hiyo katika Ohio ya 1835 hapakuwa na mtu wa kumsahihisha Joseph Smith, wala wa kumuunga mkono. Tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1842 katika gazeti la kanisa mjini Nauvoo, ikiwa na michoro mitatu iliyonakiliwa kutoka kwenye hati, na utangulizi uliosema haya ni maandishi ya Ibrahimu, kwa mkono wake mwenyewe, juu ya mafunjo. Mwaka 1880 kanisa lilikipitisha kitabu hicho kuwa maandiko matakatifu.

Joseph Smith aliuawa mwaka 1844. Mama yake akabaki na mumia na hati hizo hadi alipofariki mwaka 1856, kisha familia ikaziuza. Sehemu yake ilifika jumba la makumbusho la Chicago na ikateketea katika moto mkubwa wa 1871. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba zote ziliungua. Wakosoaji walikuwa na michoro mitatu tu ya kushika: Théodule Devéria wa jumba la makumbusho la Louvre, Paris, aliipinga tangu miaka ya 1850, na mwaka 1912 askofu Franklin Spalding wa Utah alikusanya maoni ya wataalamu wanane waliosema maelezo ya Joseph Smith hayalingani na kilichochorwa. Waumini wakajibu kwamba nakala ni nakala, na asili haipo.

Asili ikapatikana. Aziz Atiya, msomi Mkopti aliyezaliwa Misri na aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Utah, aliziona hati hizo katikati ya miaka ya 1960 akiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na tarehe 27 Novemba 1967 jumba hilo likalikabidhi kanisa vipande kumi na moja. Hakukuwa na shaka kwamba ni vyenyewe. Viligandishwa kwenye karatasi ngumu ambayo nyuma yake ina michoro ya hekalu na ramani za eneo la Kirtland. Kipande kimoja kina mchoro ule ule wa kwanza wa Kitabu cha Ibrahimu: mtu amelala juu ya kitanda chenye umbo la simba, na mwingine amesimama juu yake. Mafunjo yamechanika pale palipokuwa na kichwa cha yule aliyesimama, na juu ya ile karatasi ya kugandishia kuna mtu alijaza pengo kwa penseli. Katika mchoro uliochapishwa 1842, yule aliyesimama ana kichwa cha mwanadamu na ameshika kisu, na maelezo yanasema ni kuhani wa sanamu anayetaka kumtoa Ibrahimu kafara. Mtu yeyote aliyezoea picha za mazishi ya Kimisri anamtambua: ni Anubis, mungu mwenye kichwa cha mbweha, akimshughulikia maiti ili afufuke.

Haikuchukua hata mwaka. Mwaka 1968 Klaus Baer wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha tafsiri katika Dialogue, jarida linaloandikwa na Wamormoni wenyewe. Vipande hivyo ni hati za mazishi. Kundi moja ni la mwanamke aitwaye Tshemmin, nalo ni sehemu za kile tunachokiita Kitabu cha Wafu. Kundi linalotuhusu ni la kuhani aitwaye Hor, na ni Kitabu cha Kupumua: hati anayopewa maiti ili apate pumzi na uhai huko aendako. Ni ya karne ya 2 hivi kabla ya Kristo, zama za akina Ptolemi, wafalme wa Misri wenye asili ya Kigiriki, miaka mingi sana baada ya wakati wa Ibrahimu. Ndani yake mna maagizo ya matumizi: hati ifungwe kwa kitani cha kifalme, iwekwe chini ya mkono wa kushoto wa marehemu karibu na moyo wake, na akifanyiwa hivyo atapumua pamoja na roho za miungu milele. Mimi hufikiri kuhusu Hor ninaposoma mistari hiyo. Pande mbili zimebishana juu ya karatasi yake kwa karibu miaka mia mbili, na yeye aliitaka kwa ajili ya pumzi tu.

Jina la Ibrahimu halimo. Tukio lolote la kitabu chake halimo. Huo si ushindi wa wakosoaji peke yao, mwanangu, na hapa ndipo mwenzako wa kazini yuko sahihi zaidi kuliko anavyojua: mwaka 2014 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo rasmi yanayokiri kwamba wasomi Wamormoni na wasio Wamormoni wanakubaliana kuwa maandishi ya vipande hivyo hayalingani na tafsiri iliyo katika Kitabu cha Ibrahimu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maprofesa wa kanisa wamethibitisha tafsiri ya Joseph Smith kutoka kwenye vipande hivi, hajawasoma maprofesa hao.

Usinichukulie neno langu hivi hivi. Fungua mchoro wa tatu katika nakala yenu ya Lulu ya Thamani Kuu. Utaona watu watano. Maelezo ya chini yanasema aliyeketi ni Ibrahimu juu ya kiti cha Farao. Aliyesimama nyuma yake ni mfalme Farao, ambaye jina lake limeandikwa kwa alama zilizo juu ya kichwa chake. Aliye mbele ni mwana wa Farao. Anayefuata ni Shulemu, mtumishi wa mfalme, kama zinavyoonyesha alama zilizo juu ya mkono wake. Na wa mwisho, mweusi, ni Olimla, mtumwa wa mwana wa mfalme. Sasa alama zenyewe. Zile za juu ya kichwa cha “Farao” zinasema: Isis, mkuu, mama wa mungu. Huyo si mfalme, ni mungu wa kike, na amevaa gauni. Aliyeketi ni Osiris, mungu wa wafu. “Mwana wa Farao” ni Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki, mwanamke pia. “Shulemu” ni Hor mwenyewe, marehemu, aliyeletwa mbele ya Osiris akiwa amehesabiwa haki. Na “mtumwa” ni Anubis, ambaye Wamisri walimpaka weusi kwa kuwa ndiye mlinzi na kiongozi wa wafu.

Nimekaa hapo kwa sababu hapo hapana pa kukimbilia. Katika mchoro huu Joseph Smith hakusema tu “picha hii yanikumbusha Ibrahimu.” Alisema alama fulani, mahali fulani, zinasoma jina fulani. Hilo ni dai la kusoma, na linapimwa kama dai lolote la kusoma.

Sasa tuwageukie watetezi, maana kaka yako hakukupa makala za watu wa ovyo.

Wa kwanza wao, kwa umri na kwa kimo, ni Hugh Nibley wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, chuo cha kanisa lenyewe, aliyefariki 2005. Alipata habari za hati hizi akiwa tayari ameanza kujifunza Kimisri cha kale, na mwalimu wake Chicago alikuwa Klaus Baer yule yule. Nibley alisoma lugha nyingi kuliko wanaomcheka. Baada yake wakaja waliosomea fani hii rasmi: John Gee, aliyepata uzamivu wake Yale, Kerry Muhlestein, aliyesomea UCLA, Michael Rhodes, aliyetoa tafsiri yake ya hati ya Hor mwaka 2002. Tafsiri ya Rhodes inamfanya Hor aseme mambo yale yale anayosema kwa Baer. Ukilinganisha zile kurasa, huwezi kujua kwa urahisi ni ipi ya muumini. Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu bila kusita: ndiyo, ni wasomi. Hata wapinzani wao wamelazimika kusema hivyo. Mwaka 1998 wanateolojia wawili wa kiinjili, Carl Mosser na Paul Owen, waliandika makala ya kuwaonya Wakristo wenzao kwamba wanashindwa katika mjadala huu bila kujua, kwa sababu wanaendelea kurudia hoja za zamani na hawasomi wanachoandika Wamormoni wenye elimu.

Lakini usomi wa mtu haujibu swali. Swali ni: anatetea nini hasa? Tangu 1967 watetezi wametoa majibu ya aina mbili kubwa, na mtu asiyeyatenganisha atazungushwa.

Jibu la kwanza linasema: kilichopatikana ni sehemu tu. Maandishi ya Ibrahimu yalikuwa katika sehemu ya gombo iliyoungua Chicago, pengine upande wa ndani baada ya hati ya Hor kwisha. Wanawataja mashahidi wa karne ya 19 waliozungumzia gombo refu. Si jibu la kitoto. Mtu akikuonyesha kurasa tatu za kitabu kilichoungua, huwezi kumwambia zilizobaki zilisema nini.

Ila gombo lina siri yake, na unaweza kuielewa bila kusoma Kimisri. Chukua mkeka uliokunjwa ukaegeshwa pembeni ya stoo. Panya akitoboa tundu kutoka nje kuelekea katikati, siku utakapoukunjua utakuta tundu lile moja limekuwa matundu mengi yaliyojipanga kwa mstari. Umbali kati ya tundu na tundu unapungua kadiri unavyokaribia ncha iliyokuwa katikati, kwa kuwa mizunguko ya ndani ni midogo kuliko ya nje. Ukipima unavyopungua, utakadiria mkeka ulikuwa na mizunguko mingapi zaidi, hata kama kipande cha ndani kimekatwa na kuondoka. Mafunjo ya Hor yana michaniko ya namna hiyo hiyo. John Gee alipiga hesabu akapata kwamba sehemu iliyopotea ilikuwa na urefu wa mita 12 na zaidi. Andrew Cook na Christopher Smith wakapima upya, na mwaka 2010 wakachapisha jibu lao: sentimita 56 hivi. Tofauti hiyo si ya kusema “wataalamu wanatofautiana” ukafunga daftari. Sentimita 56 zinatosha kumaliza hati ya Hor na mchoro wake wa mwisho, basi. Mimi nimezifuatilia hesabu zote mbili, na ile ya Cook na Smith ndiyo inayoonyesha vipimo vyake mzunguko kwa mzunguko, ili msomaji aupime mwenyewe.

Na kuna ushahidi mwingine unaolibana jibu hilo. Kitabu cha Ibrahimu chenyewe, sura ya 1 aya ya 12, kinamwambia msomaji atazame picha iliyo mwanzoni mwa kumbukumbu hii. Picha ni ile ya kitanda cha simba, na katika gombo la Hor imo mwanzoni. Kisha zipo karatasi za makarani waliomwandikia Joseph Smith huko Kirtland. Katika nakala za awali za tafsiri, pembezoni mwa aya za Kiingereza wameandika alama za Kimisri moja baada ya nyingine, alama moja au mbili kwa aya nzima yenye mistari mingi. Alama hizo zimetoka kwenye kipande kinachofuata picha, kwa mpangilio wake. Ndicho kipande kile cha kitani na mkono wa kushoto.

Nibley na wengine walisema makarani, hasa W. W. Phelps, waliziweka alama baadaye, wakijaribu kuunganisha tafsiri iliyokwisha kupokelewa na maandishi wasiyoyajua. Ni maelezo yanayowezekana kwa karatasi moja moja. Lakini shajara ya Joseph Smith ya tarehe 1 Oktoba 1835 inasema siku hiyo alishughulika na alfabeti ya Kimisri pamoja na Oliver Cowdery na Phelps, na moja ya karatasi za alfabeti hiyo ina mwandiko wake mwenyewe. Yeye aliamini anaisoma lugha. Hilo silisemi kumdhalilisha. Nalisema kwa kuwa linabeba uzito.

Jibu la pili ndilo linaloshika nguvu sasa, na maelezo rasmi ya 2014 yanaliachia mlango wazi: kwamba hati zilikuwa kichocheo tu. Joseph Smith alizitazama, akatafakari, naye Mungu akamfunulia habari za Ibrahimu ambazo hazikuwa katika hati. Wanaolishikilia wanakumbusha kwamba alipoifanyia kazi Biblia aliiita tafsiri ingawa hakuwa na Kiebrania mbele yake. Hapo mtaalamu wa Misri hana la kusema tena, kwa sababu dai limehama kutoka kwenye wino. Naliheshimu kama jibu la imani. Ninachokataa ni mtu kulitumia Jumatatu na kurudi kwenye gombo lililoungua Jumanne, kisha Jumatano kudai mchoro wa tatu umesomwa sawasawa. Na linabaki na mzigo wake: ule utangulizi wa 1842 uliosema “kwa mkono wake mwenyewe, juu ya mafunjo,” na zile alama za juu ya kichwa cha Isis.

Utakutana pia na hoja za namna nyingine, za ulinganifu, na hizi kaka yako atakuwa amezipenda zaidi. Nitakupa zile ninazoziona nzito. Katika mchoro wa pili kuna watu wanne waliosimama kwa mstari, na Joseph Smith alisema ni dunia katika pembe zake nne. Wana wanne wa Horus, mungu wa Kimisri, kweli walihusishwa na pande nne za dunia. Kitabu kinataja uwanda wa Olishemu. Maandishi ya mfalme Naram-Sin wa Akkad, dola ya kale ya Mesopotamia, yanataja mahali paitwapo Ulisum. Kinasema baba yake Ibrahimu aliabudu sanamu na Ibrahimu akaponea chupuchupu kuuawa. Mwislamu yeyote wa Morogoro atakusimulia Nabii Ibrahimu alivyotupwa motoni na moto ukawa baridi, na Wayahudi wana simulizi kama hizo. Biblia ya Mwanzo haina habari hizo.

Ya kwanza mimi naihesabu kuwa ya kweli na ya kushangaza kidogo. Ya pili ni mfanano wa sauti tu, na majina ya miji ya kale ni maelfu. Ya tatu inahitaji uangalifu: Yoshua 24:2 inasema Tera, baba yake Ibrahimu, aliabudu miungu mingine, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa kale aliyesomwa sana katika nyumba za Wakristo wa Marekani wakati huo, anasimulia Ibrahimu akiwafundisha Wamisri elimu ya nyota. Vyanzo hivyo vilikuwa mezani mwa mtu wa 1835. Hata maneno ya Kiebrania yaliyomo kitabuni yanafanana na Kiebrania alichofundishwa Joseph Smith na mwalimu Joshua Seixas huko Kirtland mwanzoni mwa 1836.

Kuna moja niliyotaka kukuonyesha kwa karibu, maana inafundisha namna ya kusoma utetezi. Watetezi wameitaja hati iliyohifadhiwa Leiden, Uholanzi, ya karne ya 3 baada ya Kristo, yenye mchoro wa mtu juu ya kitanda cha simba, na chini yake limeandikwa jina la Ibrahimu. Ukisikia hivyo tu, unaona mambo yamekwisha: Wamisri walimhusisha Ibrahimu na kitanda cha simba! Soma hati nzima. Ni uganga wa mapenzi, limbwata, wa kumwasha mwanamke moyo. Waganga wa zama zile walikusanya majina makubwa ya dini zote, ya Kiyahudi, ya Kigiriki, ya Kimisri, wakayapanga ili dawa ipate nguvu. Wewe umekulia mahali ambapo hirizi inaweza kuwa na majina ya manabii na malaika. Je, hirizi hiyo inatuambia habari za maisha ya nabii? Inatuambia tu kwamba jina lake lilikuwa na heshima. Nukuu ya Leiden si ya uongo. Imekatwa mahali panapoipa maana isiyokuwa nayo, na wakosoaji nao hufanya hivyo hivyo upande wao.

Usidhani basi kwamba vita hivi ni vya Wamormoni na maadui zao. Robert Ritner wa Chicago, aliyefariki 2021, ndiye mkosoaji mkali kuliko wote wa wakati wetu, na aliwahi kuwa mwalimu wa Gee. Lakini Stephen Thompson, mtaalamu wa Misri ya kale na Mmormoni, aliandika mwaka 1995 kwamba maelezo ya michoro hayakubaliani na elimu ya Misri. Brian Hauglid wa Brigham Young alikuwa mtetezi kwa miaka mingi. Alipohariri na Robin Jensen toleo kamili la karatasi za makarani, lililotoka 2018, akatangaza hadharani kwamba ameacha misimamo yake ya zamani. Kazi hiyo ilichapishwa na kanisa lenyewe, picha za kila karatasi zikiwa wazi kwa yeyote. Naipongeza kwa moyo wangu wote. Taasisi chache za dini zimeweka ushahidi mgumu kiasi hicho mikononi mwa wasomaji wake.

Kuna jambo hukuuliza, ila wewe na kaka yako ni Waafrika na siwezi kulinyamazia. Sura ya 1 ya kitabu hiki, aya ya 21 hadi 27, inasema Farao wa kwanza alikuwa wa uzao wa Hamu, na kwamba alilaaniwa kuhusu ukuhani. Viongozi walizitumia aya hizo kutetea kanuni ya kuwanyima watu weusi ukuhani, kanuni ambayo Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Joseph Smith, aliitangaza mwaka 1852 na ambayo haikuondolewa hadi Juni 1978. Kwa miaka 126 mtu wa rangi yetu hakuweza kutawazwa, na milango ya ibada za hekaluni ilifungwa kwake. Mwaka 2013 kanisa liliyakana rasmi maelezo yote yaliyodai weusi ni ishara ya laana. Leo lina hekalu Kinshasa, lililowekwa wakfu 2019, na waumini wa Kongo wanaingia humo wakiwa na haki zote. Lakini aya zimo, na mchoro wa tatu umo, na kwenye mchoro huo mtu mweusi ameandikiwa kuwa mtumwa. Kwa mkono wa mchoraji wa Thebes alikuwa mungu anayemshika marehemu mkono asipotee njiani. Kwangu hii ndiyo sababu ya kutaka alama zile zisomwe kama zilivyo.

Basi, nimwamini nani? Kuhusu kilichoandikwa katika hati, waamini Baer, Ritner na Rhodes kwa pamoja, maana wanasema kitu kimoja. Kuhusu urefu wa gombo, hesabu fupi ndiyo yenye ushahidi. Kuhusu ufunuo, kaka yako ana haki ya kusema anaamini Mungu alisema na Joseph Smith, na mimi sina mizani ya kumpimia hilo. Ila mwulize, kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa, ni jibu lipi kati ya yale mawili analolishika: gombo lililoungua au kichocheo. Usimwulize mbele za watu. Akikuambia hajui, liacheni jambo hilo litulie kwanza. Akikuambia ni la kwanza, fungueni aya ya 12 pamoja. Akisema la pili, fungueni mchoro wa tatu, muweke kidole juu ya kichwa cha yule aliyesimama nyuma ya kiti, na umwache aseme yeye kwanza.